Chupa ya chai ya kioo, lita 1.8: nimelipia mahali pasipo na kitu

Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba hatashangaa mtu kuandika maneno mengi hivi kuhusu chupa ya chai. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala kwenye migongo ya vilima, vidole havishiki chaki sawasawa, na ofisi ya walimu haina joto lolote isipokuwa lile tulilolibeba kutoka nyumbani ndani ya chupa. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Chupa ninayoizungumzia nimeitumia wiki tano, kila siku ya kazi, na nimeipima kwa kipimajoto cha maabara. Nasema nilichokiona.

Naanza na ile ya zamani, maana ndiyo iliyonifundisha cha kuangalia dukani. Asubuhi moja niliijaza chai ya tangawizi kama kawaida. Kufika saa nne, mapumziko, chai ni vuguvugu, na nilipoishika chupa kiunoni nikahisi plastiki ya nje ina joto. Hiyo ndiyo dalili. Chupa iliyo nzima haipashi mkono. Ikikupasha, ujue joto linatoka. Jioni nikaifungua kitako. Kioo cha ndani hakikuwa na ufa, kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ila chini kabisa, katikati, huwa pana kichuchu kidogo cha kioo, urefu wake kama punje mbili za mchele, na cha kwangu ncha ilikuwa imekatika. Lilibaki tundu ambalo hata sindano ya kushonea isingepita vizuri. Ni hapo ambapo kiwandani walivuta hewa iliyokuwa kati ya kuta mbili za kioo, kisha wakapaziba kwa moto. Na ni hapo hapo hewa iliporudi. Hakuna kilichomwagika wala kupungua. Chupa yangu iliuawa na kitu kilichoongezeka ndani yake.

Duka la kwanza nililokwenda nilitapeliwa, na sitalitaja. Boksi lilisema chupa ni ya ombwe, yaani yenye utupu kati ya kuta zake. Nilifika nyumbani, nikafungua kitako, nikakuta sponji nyeupe imeshindiliwa kati ya plastiki mbili. Niliporudisha nikaambiwa bidhaa ikishatoka dukani haipokelewi. Basi niliiweka, nikaitumia kwenye majaribio ili ile pesa isiende bure.

Duka la pili nilikuta mama mmoja mtu mzima, mpole. Akanifungulia boksi mwenyewe akaniambia, "Weka sikio mdomoni mwa chupa, mwanangu. Ukisikia inavuma, hiyo ni nzima." Nikaweka, ikavuma kweli. Lakini chupa yangu iliyokufa nayo huvuma vilevile. Unachosikia ni hewa iliyo ndani ya chupa, pale panapokaa chai, ikitikisika kama inavyotikisika ndani ya gamba la baharini. Hata lile debe tupu la kwenye methali, kinachovuma ni hewa iliyolijaza. Mahali pasipo na hewa pako kimya kabisa. Nikampa shikamoo yake na kumwomba ruhusa ya kufungua kitako, akakubali, nikakiona kichuchu kizima kimefungwa vizuri. Nikalipa shilingi 32,000.

Sasa vipimo. Hapa kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, kwa hiyo hakuna chupa ya Njombe inayoanza na chai ya nyuzi 100. Nilimimina maji yanayochemka saa kumi na mbili asubuhi, chupa imejaa mpaka shingoni. Saa sita mchana kipimajoto kilisoma 81. Saa kumi na mbili jioni, 72. Kesho yake asubuhi, baada ya saa 24 na usiku wa baridi kali, 57, ambayo bado ni chai ya kunyweka bila kupasha. Ile ya sponji ilisoma 52 saa sita mchana tu. Ya chuma, lita moja, niliyoazima kwa mwalimu wa jiografia, ilisoma 76 saa hiyo hiyo, ingawa hapo tukumbuke kwamba chupa ndogo hupoa haraka zaidi, kwa hiyo sisemi chuma ni kibaya.

Chupa hiyo nikaibeba darasani kidato cha tatu, tulipofika kwenye njia tatu za joto kusafiri: mpitisho (joto kupita ndani ya kitu), myuko (joto kubebwa na hewa au maji yanayosogea) na mnururisho (joto kusafiri kama mwanga). Baada ya kipindi mwanafunzi mmoja, binti mkimya wa dawati la nyuma, akanifuata. "Madam, umesema hapo katikati wametoa hewa, hamna kitu. Sasa ile rangi ya fedha wameipaka ya nini? Kama hamna kitu, joto lingepita juu ya nini mpaka lihitaji kurudishwa?"

Miaka kumi na moja nimefundisha mada hii na sijawahi kuulizwa hivyo. Swali hilo ndilo chupa yenyewe.

Utupu unazuia njia mbili za joto. Mpitisho na myuko vinahitaji kitu cha kupokezana joto, na hapo katikati wapokezanaji ni wachache mno. Njia ya tatu, mnururisho, haijali. Joto la jua hutufikia likiwa limepita kilomita milioni 150 za utupu kwa muda wa dakika nane na ushee. Ndiyo maana kuta za kioo zimepakwa fedha: kile ambacho ombwe haliwezi kukizuia, fedha inakirudisha. Aliyeibuni chupa hii alijua kwamba kutoa hewa hakutoshi.

Aliyeibuni ni James Dewar, Mskoti aliyefanya kazi Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1892. Hakuwaza chai. Alitaka kutunza gesi alizozigeuza kuwa vimiminika, kwa mfano oksijeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, zisichemke zikaisha mbele ya macho yake. Wajerumani ndio walioiingiza jikoni, wakaanza kuiuza mwaka 1904 kwa jina la Thermos.

Na hapa ndipo palinipa raha kubwa ya kumjibu yule binti. Mwaka huo 1892, ungemuuliza mwanafizikia wa London kuna nini kati ya kuta mbili za chupa ya Dewar, asingekujibu "hakuna kitu". Angekuambia kuna etha. Mwanga ni mawimbi, na mawimbi ya ziwani yanataka maji, ya sauti yanataka hewa. Basi ya mwanga nayo lazima yawe na kitu chake cha kutikisika. Kitu hicho wakakiita etha, wakasema kimejaa kila mahali, kinapenya kioo kama upepo unavyopenya chandarua, na hakuna pampu ya kukitoa. Kwao, chupa ya Dewar ilikuwa imetolewa hewa tu. Etha ilibaki humo humo, na ndiyo iliyobeba joto la mnururisho kutoka ukuta hadi ukuta.

Etha hiyo ilikuwa imeshapimwa miaka mitano kabla. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley waliweka vioo vyao juu ya jiwe la mraba lenye upande wa mita moja na nusu hivi, wakalielesha jiwe juu ya zebaki ili lizunguke taratibu bila kutikisika. Wazo lao mwenye mtumbwi atalielewa mara moja. Mto unapita. Mmoja apige kasia kwenda juu dhidi ya mkondo kisha arudi. Mwingine avuke kwenda ng'ambo na kurudi, umbali ule ule. Hawafiki pamoja, anayevuka hutangulia. Dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Kama inapita ndani ya etha, basi etha ni mkondo kwetu, na miale miwili ya mwanga inayokwenda pande mbili tofauti lazima ipishane kurudi. Miale hiyo ikikutana huchora michirizi ya mwanga na giza, na jiwe likizungushwa walitarajia michirizi hiyo isogee sehemu nne za kumi za upana wa mchirizi mmoja. Walichokiona hakikufika hata sehemu moja ya ishirini ya hicho walichokitarajia. Mkondo haukuonekana. Mwaka 1905 Albert Einstein akaandika kwamba etha hiyo haihitajiki kabisa.

Binti akanikatiza. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi, madam. Hamna kitu."

Hapana, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu naona walimu wenzangu wengi tunaishia hapo. Kwanza hewa yenyewe haijaisha. Hata ukiipunguza mara milioni moja, katika kila sentimita moja ya ujazo zitabaki molekuli trilioni 25 hivi. Tofauti ni kwamba sasa zimeachana sana hivi kwamba molekuli moja huvuka kutoka ukuta hadi ukuta bila kugonga mwenzake, na hapo ndipo joto linapokosa wa kulipokea. Pili, mwanga wenyewe umo humo, ule wa joto usioonekana kwa macho, ukigonga fedha na kurudi. Tatu, hata ungezitoa molekuli zote na kuupoza ukuta usitoe mwanga wowote, bado isingekuwa mwisho. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alipiga hesabu akaonyesha kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakitazamana ndani ya utupu kwa karibu sana, yatavutana. Hakuna sumaku wala umeme wa kuyavuta. Ni uga wa sumaku-umeme, ule ambao mwanga ni mawimbi yake, na ambao hautulii kamwe, hata pale usipobeba mwanga wowote. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux, Marekani, aliipima nguvu hiyo, nayo ikakubaliana vizuri na hesabu.

Mabamba mawili ya metali yanayotazamana ndani ya utupu! Nilipoyasema maneno hayo nilikuwa nimeishika chupa mkononi, na ndani yake kuta mbili za fedha zinatazamana ndani ya utupu. Nguvu hiyo humo haipimiki, kwa sababu hupungua haraka mno umbali unapoongezeka, na kuta za chupa zimeachana milimita kadhaa wakati wapimaji hushuka chini ya elfu moja ya milimita. Lakini mpango ni ule ule.

Wapo wanaosema basi etha imerudi. Sikubaliani nao. Etha ya kale ilikuwa kama bahari iliyotulia, ambayo ungeweza kupima umeipita kwa kasi gani, na bahari hiyo Cleveland haikuonekana. Einstein mwenyewe, akihutubia Leiden, Uholanzi, mwaka 1920, alikubali nafasi ina sifa zake za kimaumbile na hata neno etha laweza kubaki, ila akasisitiza kitu hicho kisipewe mwendo. Mimi darasani nasema hivi: kati ya vioo hivi pametolewa hewa, etha haikuwahi kuwamo, na kilichobaki ni nafasi yenye tabia zake. Yule binti aliandika sentensi hiyo kwenye jalada la nyuma la daftari lake.

Turudi kwenye chupa. Udhaifu wake mkubwa ni kizibo. Joto lililokosa njia kwenye kuta linatokea shingoni, na kizibo cha hii ni plastiki nyembamba. Nikikifunika kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, chai ya jioni inapata nyuzi mbili zaidi. Chupa za kubonyeza juu sizipendi, mrija wake hausafishiki na chai ya maziwa huganda humo. Kabla ya kumimina chai, suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, hasa asubuhi za baridi, maana kioo hakipendi kushtuliwa. Usisugue ndani kwa steelwire. Maji ya moto na ndimu usiku kucha yanatoa weusi wote. Na usiisimamishe kwa kishindo juu ya meza ya mbao, kichuchu kiko chini hapo hapo. Kwa safari za basi kwenda Makambako au Songea chukua ya chuma. Kwa nyumbani na ofisini, hii ya kioo.

Yule mama anauza pia kioo cha ndani peke yake, shilingi 9,000. Nimenunua kimoja. Alhamisi tutakisimamisha maabara karibu na kile kilichokatika ncha, tuvijaze maji yanayochemka kwa wakati mmoja, na yule binti ndiye atakayesoma vipimajoto.