Stata ya sta-delta ya hospawa 10: inafaa kinu cha mahindi, ila ifungue kwanza

Maboksi haya ya chuma, yenye kitufe cha kijani na chekundu mlangoni, yamejaa madukani Kisumu, Kakamega na Bungoma. Yameandikwa kilowati 7.5, volti 415. Huanzisha mota kwa muunganisho wa sta, koili za mota zikipata volti kidogo, kisha huihamisha kwenye delta, koili zikipata volti zote. Kwa kinu cha nyundo yanafaa. Shida ni kuyafunga jinsi yalivyotoka dukani.

Kabla ya kulipa, soma bamba la mota. Likisema delta volti 400, sta volti 690, nunua. Likisema delta 230, sta 400, rudisha pesa mfukoni: kwa stima yetu ya volti 415, mota hiyo hukaa kwenye sta daima. Ukiirusha kwenye delta, kila koili inapigwa 415 badala ya 240. Haitamaliza gorogoro kumi.

Ndani mna kontakta tatu (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme: kuu, ya delta na ya sta), taima ya kuhamisha mota kutoka sta hadi delta, na ovalodi, kinachozima mota ikila ampea kupita kiasi. Muuzaji atakwambia kontakta ni ya ampea 25. Angalia ubavuni: hiyo ni AC-1, kipimo cha hita. Cha mota ni AC-3, na hapo kontakta ile ile huwa 9 au 12. Mota hii hula karibu ampea 15 ikibeba mzigo wote, lakini kontakta kuu na ya delta hupitisha asilimia 58 tu, yaani 8.7. Ya 12 inatosha. Ya 9 inabanana. Ya sta hupitisha 5 hivi, hata ndogo haidhuru.

Kasoro mbaya kuliko zote ni ovalodi. Ikichomekwa chini ya kontakta kuu, inaona hizo 8.7, si 15. Maboksi mengine huja na ya 12–18. Fundi akiiweka 15 kufuata bamba, mota itakula ampea 26 ndipo ovalodi ianze kuhesabu. Dai ya 7–10, izungushe hadi 8.7.

Taima ianzie sekunde 6. Kwenye sta nguvu ya kuzungusha ni theluthi moja tu, kwa hiyo hopa iwe imefungwa na kinu kiwe kitupu. Mahindi yakibaki ndani, mota inanguruma bila kupanda mwendo, taima inaruka kwenye delta, na stima inayovutwa ghafla inaangusha swichi. Watu hulaumu swichi, wakanunua kubwa zaidi. Ongeza sekunde mpaka mlio wa mota utulie, usizidishe 10.

Stima ikiwa imezimwa, bonyeza kontakta ya sta kwa bisibisi, ishikilie, kisha jaribu ya delta. Zikishuka zote mbili, hakuna kizuizi cha kimitambo baina yao: rudisha boksi. Zikijifunga pamoja stima ikiwepo, fezi tatu zinagusana.

Boksi halina relei ya kulinda fezi, yaani ya kuzima mota fezi moja ikikosekana. Inunue kando, uipitishie waya wa koili ya kontakta. Fezi moja ikipotea, ovalodi peke yake huchelewa. Ziba pia matundu yasiyo na kebo, kwani unga ukikaa kwenye sumaku ya kontakta inavuma hadi koili iungue.

Halina pa kufuli pia. Kitufe chekundu huangusha kontakta tu. Upande wa juu 415 bado iko. Weka nje swichi kuu yenye tundu la kufuli, na anayebadilisha chekeche au nyundo akae na ufunguo mfukoni mwake, si mwa mwenye kinu.