Meza ya pool ya mtumba Dar: ipi ununue bei zikiwa juu

Unayetafuta meza ya pool ya mtumba, iwe ya baa, ya kijiwe au ya barazani kwako, jiandae kisaikolojia. Ukiuliza mbona bei iko juu, wauzaji watakutajia dola, na si uongo: kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024 dola moja ilitoka shilingi 2,300 na ushee ikakaribia 2,700. Shilingi ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024, sijasikia muuzaji aliyempigia mteja simu kumwambia ameshusha.

Ila kinachoshikilia bei zaidi ni jiwe. Meza nzuri chini ya kitambaa ina bamba la jiwe, unene wa milimita 19 hadi 25, na kwa meza ya futi saba bamba hilo peke yake linapita kilo 100. Kulisafirisha kutoka nje ni gharama, na likitunzwa halizeeki. Ndiyo maana meza iliyochoka inauzwa kama vile ina umri wa miaka mitano tu.

Chaguo langu la kwanza ni meza ya jiwe iliyochakaa, ambayo fundi hajaigusa. Kitambaa kimechanika, raba za kingo zinazorudisha mpira zimekufa, miguu imelika kwa maji ya deki. Chukua hiyo. Kitambaa na raba utavipata, fremu mafundi wa Keko wataisuka upya, na jiwe unaliona kwa macho yako kabla hujatoa hela. Ingia chini ya meza na tochi ya simu, fuata ukingo wa jiwe taratibu hasa kuzunguka mashimo na pale skrubu zinapoingia, maana nyufa huanzia hapo. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Sauti ikibadilika ghafla, uliza maswali. Bei isizidi nusu ya ile ya meza iliyokarabatiwa, la sivyo ukarabati utakumaliza.

Halafu usafiri, ambao watu wanaudharau. Jiwe lifunguliwe kwenye fremu na libebwe limesimama kwa ubavu. Ukilaza kwenye kirikuu halafu dereva akaruka tuta la Mbagala, umenunua vigae.

Namba mbili ni meza iliyokarabatiwa. Najua wengi wataanza nayo, kwa sababu inang'aa na muuzaji anasema, "Bosi, hii ni mpya kabisa, imetoka kwa fundi jana." Tatizo ni kwamba kitambaa kipya kinaficha. Ukarabati wa kweli ni jiwe kusawazishwa, raba mpya, mashimo kufungwa upya; wa kijanja ni rangi, kitambaa, na bodifila (ile ya kuzibia mabodi ya magari) kwenye ufa. Omba wakuinulie kitambaa upande mmoja. Meza kubwa zenye mawe matatu huzibwa kwenye maungio, hilo ni la kawaida, lakini jiwe la kipande kimoja likiwa na mstari wa bodifila, lilipasuka. Akikataa kuinua, ondoka. Akikubali, piga mpira kwa nguvu kutoka ukuta mfupi hadi mwingine: raba hai inaurudisha angalau mara tatu, iliyokauka inaumeza kwa mlio wa ubao. Na nenda na pima maji yako kuona kama meza imelala sawa, usiazime ya muuzaji.

Tatu, meza mpya ya jiwe. Haina maneno mengi. Kama hela ipo na hutaki mafundi, nunua, lakini uliza unene wa jiwe na uandikwe kwenye risiti.

Mwisho kabisa ni meza ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Bei yake inavutia, na kwa watoto nyumbani haina neno. Kwa biashara, unyevu wa Dar unauvimbisha ubao, na bia ikimwagika mara chache tu mipira yote itakuwa inakimbilia kona moja. Wateja wataijua kona hiyo kabla yako.

Kwa meza ya biashara kuna mambo matatu zaidi. Angalia sanduku la sarafu limekatwa kwa sarafu ipi: mengi ya zamani yalitengenezwa kabla sarafu ya shilingi 500 haijatoka mwaka 2014, na kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye subira. Angalia pia mpira mweupe. Meza ya sarafu humeza mipira ya rangi na kuurudisha mweupe, ama kwa sumaku ama kwa tofauti ya ukubwa au uzito. Ukiupoteza ukaweka wowote uliouona sokoni, utakuwa unafungua meza kwa ufunguo usiku kucha. La tatu, pitia serikali ya mtaa uulize kuhusu saa za kuchezesha. Tangu Rais Magufuli awakemee vijana wanaocheza pool saa za kazi mwaka 2016, hilo halijawahi kuwa jambo dogo, kwa hiyo piga hesabu ya kurudisha hela yako kwa mapato ya jioni tu.