Uzoefu wangu: kuunda mhusika wa kwanza wa D&D kwa kampeni ya mtandaoni

Nimejenga wahusika wa ngazi ya kwanza kwenye D&D Beyond, chombo cha mtandaoni cha kuundia wahusika, kwa akaunti ya bure, kwa kanuni za 2014 na zile zilizofanyiwa marekebisho 2024, na nimewacheza kwenye meza za Roll20, tovuti ya kuchezea pamoja. Tathmini hii ni kwa ajili ya mgeni anayejiunga na kampeni (hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi) ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza kwa masimulizi na dadu, mtandaoni kwa mara ya kwanza, hana vitabu wala dadu, na hataki kulipa chochote kabla hajajua kama mchezo utamfaa. Chombo chenyewe nakisifu. Tatizo ni kwamba kinapiga hesabu zote kimyakimya, kisha kinakukabidhi ukurasa uliojaa namba usizojua zimetoka wapi. Mwendesha mchezo, ambaye mezani huitwa DM, akikuuliza kinga yako (Armor Class, namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie) ni ngapi, unaanza kupekua huku wenzako wanangoja. Ndiyo maana nashauri umjenge mhusika kwa chombo, lakini kila namba uihesabu kwa mkono angalau mara moja.

Akaunti ya bure inakupa nafasi za wahusika 6 na kanuni za msingi. Zaidi ya hapo ipo hati ya wazi ya kanuni, SRD 5.2, iliyotolewa 2025 kwa leseni ya Creative Commons; unaipakua kama PDF bila malipo na ni yako. Ndani yake mna fani (Class) zote 12, jamii 9 za viumbe (Species) na usuli 4 (Background, maisha ya mhusika kabla ya safari): Acolyte, Criminal, Sage na Soldier. Kwa mhusika wa kwanza hivyo vinatosha kabisa. Chaguo nyingine zinatoka kwenye vitabu vya kulipia, ila DM mwenye usajili wa juu anaweza kuwafungulia wachezaji wake vitabu alivyonunua, kwa hiyo muulize kabla ya kutoa kadi ya benki. Chombo kiko kwa Kiingereza, na majina ya kwenye skrini nitayaacha yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

Kabla hujabonyeza chochote, pata majibu ya DM kwa mambo haya: kanuni ni za mwaka gani, mnaanza ngazi ya ngapi, sifa (namba sita za uwezo wa mhusika) zinapatikana kwa njia ipi, mnacheza kwa sauti au kwa maandishi, na saa ngapi kwa saa za wapi. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Meza ya saa moja usiku New York huanza saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam. Wamarekani wakisogeza saa zao mbele mwezi Machi inakuwa saa nane usiku, hadi Novemba. Meza ya saa moja usiku London kwetu ni saa nne usiku, au saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, meza za Ulaya ndizo zinazokaliwa wiki baada ya wiki. Kama bando lako ni dogo, tafuta kampeni ya maandishi, ambako kila mtu anaandika zamu yake anapopata nafasi.

Suala la mwaka wa kanuni lina uzito kuliko linavyoonekana. Chombo kinaonyesha chaguo za zamani na mpya katika orodha moja, na zile za zamani zina alama ya Legacy. Katika kanuni za 2014 nyongeza za sifa hutoka kwenye jamii ya kiumbe. Katika za 2024 hutoka kwenye usuli. Ukichukua jamii ya zamani pamoja na usuli mpya, unaweza kujikuta na nyongeza mbili na mhusika asiyekubalika mezani. Kuna njia rahisi ya kujikagua: seti ya kawaida ya sifa ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8, jumla yake 72. Usuli wa 2024 unaongeza pointi 3. Jumla ya sifa zako sita katika ngazi ya kwanza lazima iwe 75. Ikizidi, rudi nyuma uangalie alama za Legacy.

Seti hiyo ndiyo naipendekeza. Njia ya kununua kwa pointi 27 ni nzuri pia, na seti ya kawaida inagharimu pointi 27 kamili ukiihesabu (9, 7, 5, 4, 2 na 0), kwa hiyo hupotezi kitu. Kurusha dadu nne za pande 6 na kuacha ndogo kuna msisimko wake, lakini mgeni akipata namba mbovu hubaki nazo miezi. DM akilazimisha kurusha, kwenye Roll20 andika /roll 4d6kh3 mara sita, mbele ya wote, ili kila mtu aone matokeo.

Sasa mhusika mwenyewe. Kitufe cha kukutengenezea mtu wa kubahatisha kiache. Wengi humshauri mgeni achukue Fighter, askari, kwa sababu ni rahisi. Sikubaliani nao sana. Fighter anakufundisha kupiga, basi. Cleric, yaani kuhani, anavaa chuma, anapiga rungu, anaponya na anatumia matamko ya uchawi, hivyo kwa jioni mbili unakuwa umegusa karibu kila sehemu ya mchezo, na hakuna kundi linalomkataa. Nitamjenga hapa Cleric wa jamii ya Dwarf, mbilikimo, kwa kanuni za 2024.

Sifa, kwa mpangilio wa skrini, ni Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Cleric anaishi kwa Busara. Weka Nguvu 14, Wepesi 8, Ustahimilivu 13, Akili 10, Busara 15, Haiba 12. Kisha chagua usuli wa Sage, msomi, ambao nyongeza zake huenda kwenye Ustahimilivu, Akili au Busara: tia 2 kwenye Busara iwe 17, na 1 kwenye Ustahimilivu iwe 14. Acolyte, mtumishi wa hekalu, ndiye anayemvutia kila mtu kwa sababu jina lake linafanana na kuhani, lakini hagusi Ustahimilivu kabisa, na 13 yako ingebaki 13.

Kwa nini 13 na 14 zitofautiane sana? Kwa sababu dadu haioni sifa yenyewe, inaona nyongeza yake kwenye dadu (Modifier). Toa 10, gawanya kwa 2, shusha hadi namba nzima. 14 inatoa +2, 13 inatoa +1 sawa na 12, 17 inatoa +3 sawa na 16, na 8 inatoa −1. Wageni wengi hurusha dadu ya pande 20 wakaongeza 17 badala ya 3, na hapo mezani pote huzuka mkanganyiko. Ile 17 haijapotea: ngazi ya 4 utapata nafasi ya kuipandisha hadi 18.

Kwenye ukurasa wa fani kuna chaguo linaloitwa Divine Order. Chombo hakikuzuii kuendelea bila kulijaza; kinaacha alama tu kwamba kuna jambo halijachaguliwa, na ni rahisi kuipita. Chagua Protector. Hilo ndilo linalokuruhusu kuvaa mavazi mazito ya vita, na ndilo linalofanya Wepesi wa 8 usikuumize.

Angalia tofauti yake. Mzigo wa kawaida wa Cleric una Chain Shirt, ambayo kinga yake ni 13 pamoja na nyongeza ya Wepesi. Yako ni −1, unabaki na 12. Ngao inaongeza 2, jumla 14. Ukikataa mzigo huo ukachukua fedha, unapata sarafu 110 za dhahabu za fani, na 50 za usuli, jumla 160. Nunua vazi zito la Chain Mail kwa 75, ngao 10, rungu la Mace 5, alama takatifu 5 na furushi la Explorer's Pack 10. Hapo umetumia 105. Zinabaki 55, chupa moja ya dawa, Potion of Healing, ni 50. Unaingia kwenye kampeni na sarafu 5 mfukoni na kinga ya 18, kwa kuwa Chain Mail ni 16 bila kujali Wepesi. Goblin, adui mdogo wa kawaida, anayeshambulia kwa +4 anampata mwenye kinga 14 mara 11 kati ya 20. Yule mwenye kinga 18, Goblin anampata mara 7. Katika ngazi ya kwanza, tofauti hiyo ndiyo uhai wenyewe.

Chain Mail inadai Nguvu 13, la sivyo kasi yako inapungua futi 10. Ndiyo sababu nimeweka 14 pale. Pia inakufanya urushe dadu mbili na kuchukua ndogo kila unapojaribu kunyatia. Kundi lenye mpelelezi lazima lijue kwamba wewe utabaki nyuma ukilinda mlango.

Uhai: Cleric anaanza na 8, ongeza 2 za Ustahimilivu na 1 ambayo Dwarf hupewa kila ngazi, jumla 11. Namba yako ikionyesha 10, umesahau ya Dwarf au umechagua jamii nyingine. Ugumu wa matamko yako, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ajiokoe, ni 8 + 2 za ustadi (Proficiency Bonus) + 3 za Busara, yaani 13. Shambulio la tamko ni +5, la rungu ni +4.

Matamko madogo, yasiyokwisha, unachagua matatu: Sacred Flame kwa kushambulia kwa mbali, Guidance kwa kumsaidia mwenzako, na Light, kwa kuwa Dwarf anaona gizani futi 120 lakini wenzako binadamu hawaoni kitu. Ya ngazi ya kwanza unaandaa manne: Bless, Healing Word, Cure Wounds, Guiding Bolt. Nafasi za kuyatumia ni mbili tu hadi mapumziko marefu, na hapa ndipo Cleric wapya huharibu. Wanamponya mwenzao aliyepungukiwa uhai 4, wakirudia mara mbili nafasi zimekwisha, na pambano halijafika katikati. Bless inaongeza dadu ya pande 4 kwa watu watatu, kila shambulio na kila jaribio la kujiokoa, hadi dakika nzima, ianzishe mapema. Nafasi ya pili itunzie Healing Word, mwenzako akianguka. Cure Wounds inaponya zaidi, wastani wa 12 dhidi ya 8, lakini inataka umguse mtu na uwe na mkono mmoja mtupu, na yako miwili imeshika rungu na ngao. Healing Word inataka sauti tu, inafika futi 60, na inakuachia kitendo chako kikuu.

Ukipigwa wakati Bless inaendelea, unajaribu kuishikilia kwa Ustahimilivu: dadu ya pande 20 na +2, ufikie 10 au nusu ya majeraha, ipi kubwa. DM mwenye shughuli nyingi anaweza kusahau kukuambia. Jikumbushe mwenyewe.

Usuli wa Sage unakupa pia matamko madogo mawili ya Wizard, fani ya mchawi, na moja la ngazi ya kwanza. Chombo kitakuuliza yatumie sifa gani, chagua Busara. Akili yako ni 10, na ukiiacha hapo utakuwa unarusha kwa +2 kitu ambacho kingekuwa +5.

Historia ya mhusika iwe fupi, maneno 150 yanatosha. DM anahitaji vitu vitatu: mtu aliye hai ambaye mhusika anamjali, deni au ahadi isiyotimizwa, na sababu ya kusafiri na watu wengine. Kurasa kumi za vita alivyokwisha kushinda hazimsaidii, kwa sababu mtu mwenye uhai 11 hajashinda vita vyovyote. Mhusika mpweke asiyeongea na mtu huchosha haraka, hasa kwenye sauti tupu ambako hakuna anayeuona uso wako.

Ukimaliza, DM atakutumia kiungo cha kampeni. Kifungue ukiwa umeingia kwenye akaunti, kisha umchague mhusika huyo. Kama meza iko Roll20 na karatasi yako iko D&D Beyond, kiendelezi cha kivinjari cha Beyond20 kinapeleka dadu moja kwa moja. Kijaribu siku moja kabla, maana kurekebisha ruhusa za kivinjari katikati ya pambano kunawakera wote.

Na pakua karatasi yako kama PDF kabla ya kikao cha kwanza. Kisha kwenye daftari andika hizi: kinga 18, uhai 11, kasi futi 30, zamu ya kuanza −1 (ya Wepesi), kuona bila kutafuta 13 (10 na 3 za Busara), ugumu wa matamko 13, rungu +4 na majeraha dadu ya pande 6 kujumlisha 2. Umeme ukikatika na simu ikabaki na sauti pekee, daftari hilo linatosha kucheza hadi mwisho wa kikao.