Mtego wa taa wa Heath kwa nondo walio hatarini: kifaa kizuri, kazi isiyo yake

Sanduku jembamba, faneli juu yake, mbawa tatu za plastiki angavu na taa ya urujuanimno ya wati 6 katikati. Ni mwepesi na hukunjwa ukabebwa mgongoni. Kwa kuorodhesha nondo wa usiku, mtego wa Heath hauna shida. Kwa Manduca blackburni wa Hawaii, ambaye Marekani ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka mwaka 2000, tunaupa alama ya wastani tu.

Tuanze na umeme. Kwa volti 12 taa hula takriban nusu ampea, yaani ampea-saa 5 kwa saa 10. Betri ya ampea-saa 7 itafika asubuhi, lakini betri ya risasi (aina ya betri ya gari) ikishushwa chini ya nusu kila usiku hufa upesi. Chukua ya ampea-saa 12.

Ndani simamisha trei za mayai za karatasi, nondo wapate pa kujibanza. Hapo ndipo ukubwa unapoleta balaa: M. blackburni akitandaza mabawa hufika sentimita 12, na humo hupapatika hadi magamba yanapukutika. Usimwache mpaka alfajiri. Na usisahau kibali cha serikali kuu; kumtega bila hicho ni kosa.

Usiuweke chini kamwe. Hawaii haikuwa na sisimizi wa asili. Walioletwa hula mayai na viwavi wa nondo huyu, na mtegoni hawabishi hodi. Tumia kigoda chenye miguu iliyopakwa grisi.

Kasoro kubwa ni hii: mtego mtupu si ushahidi kwamba nondo hayupo. Wati 6 hazivuti mbali, na mbalamwezi huzififisha zaidi. Misitu mikavu yenye ʻaiea, mti anaoutegemea kiasili, imepungua kwa mbuzi, moto na ujenzi, kwa hiyo viwavi wengi sasa hula Nicotiana glauca, tumbaku mwitu ya kigeni ambayo watu huifyeka kama gugu. Kagua mimea hiyo mchana: majani na mashina yaliyotafunwa, kinyesi, kiwavi mnene. Usipoona kitu, bado usichimbe ovyo, maana pupa (kiwavi anayegeuka kuwa nondo) huweza kukaa udongoni hadi mwaka mzima.

Kwa Euproserpinus euterpe, nondo wa California, usihangaike hata kuchaji betri. Huyo huruka mchana.