GiveDirectly: fedha mkononi, bila masimango

Mwenye nacho anadaiwa na asiye nacho, na deni halilipwi kwa kitu ambacho mdaiwa amekichoka. Ndiyo maana naipa huduma hii alama za juu. GiveDirectly, shirika la misaada, haipeleki mitumba wala semina. Inapeleka fedha, na kaya inaamua yenyewe: mabati, karo au mtaji wa genge.

Maofisa huandikisha watu nyumba kwa nyumba, wengine hurudi kuhakiki, kisha fedha huingia kwenye simu. Kenya ni M-Pesa. Baadaye mpokeaji hupigiwa kuulizwa kama zimefika. Penye kukwama ni laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au wakala kuishiwa fedha siku ambayo kijiji kizima kinataka kutoa.

Mwanzoni walipewa wenye nyumba za nyasi tu, wenye bati wakaachwa, hata kama bati lenyewe limetoboka na ndani hamna unga. Kinyongo kilikuwa lazima kizuke. Kuandikisha kijiji kizima ni haki zaidi. Hata hivyo, kwa utaratibu ule wa mwanzo, huko Siaya, kati ya 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,000 za nyumba za nyasi zilipata takriban dola 1,000 kila moja, na wanauchumi wakafuatilia vijiji 653. Kila dola iliongeza uchumi wa eneo kwa dola 2.5 hivi, bei hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza, na majirani wasiopewa nao walinufaika, kwa kuwa fedha ilizunguka madukani na kwa mafundi.

Kasoro zipo. Mwaka 2015, Homa Bay, karibu nusu ya waliofikiwa walikataa. Uvumi ulisema fedha hizo ni za mashetani. Fedha isiyo na masharti hutia watu shaka, kwa hiyo baraza la kijiji lifanyike kabla ya kuandikisha, si baada. Kubwa zaidi ni Kivu Kusini, Kongo, ambako mwaka 2022 wafanyakazi waliiba takriban dola 900,000. Kwa sababu ya umbali na usalama, waliruhusiwa kuwasajilia wapokeaji laini wao wenyewe. Anayeandikisha hapaswi kabisa kushika laini. Shirika lilitangaza wizi huo lenyewe, na hilo nalihesabu upande wao.

Ukitaka kutoa, chagua mchango wa kila mwezi na ukatwe siku ya mshahara, kabla matumizi hayajaanza. Fedha iende kwenye mradi wa kijiji. Huhitaji kumteua mtu, na asiyekujua hawezi kusimangwa nawe.