TAHADHARI: Lenzi ya "70-300 VR" ambayo haina VR

Wapiga picha wenzangu, hasa mnaojiandaa na safari na mnatafuta lenzi ya kuvuta mbali ya mtumba, someni hii kabla hamjatuma hela. Mimi nimeshalizwa, tena nilikuwa najiona mjanja.

Zilikuwa zimebaki siku tisa niondoke. Natumia Nikon D5600, kwa hiyo nikawa natafuta AF-P DX 70-300mm (AF-P ni aina ya mota ya fokasi, DX ni kamera za Nikon zenye sensa ndogo kama yangu) yenye VR, yaani kituliza mtikisiko. Nikakuta tangazo: "Nikkor 70-300 VR, safi kama mpya." Bei ilikuwa ya chini, ila si ya kutia shaka. Anayeuza kwa bei ya kutupa unamkimbia mapema, lakini huyu alipanga bei ambayo mtu anajisemea tu "leo nimebahatika". Picha zilikuwa nne, kali kabisa, lenzi imelazwa juu ya kitambaa cha mistari ya bluu. Katika zote nne, upande wenye jina la lenzi umelala chini. Niliziangalia mara kumi na sikuliona hilo.

Mzigo ulipofika nikaugeuza, nikasoma: 70-300mm 1:4.5-6.3G ED. Basi, maandishi yakaishia hapo. Nikon walitoa lenzi hii kwa namna mbili zinazofanana kama mapacha, na ile yenye kituliza mtikisiko jina lake linamalizikia na herufi VR. Yangu haikuwa nazo.

Nikamwandikia. Akajibu kwa upole: "Bosi, hizi za AF-P hazina swichi ya VR pembeni, unaiwasha kwenye menyu ya kamera." Na hapo ndipo aliponiweza, kwa sababu maneno hayo ni ya kweli! AF-P DX yenye VR kweli haina swichi, inawashwa kwenye menyu. Nikakaa na ile kamera jioni nzima nikipekua menyu moja baada ya nyingine. Kumbe kipengele cha VR hakijitokezi mpaka ufunge lenzi iliyo nayo. Kamera ilishajua nimepigwa, mimi ndiye nilikuwa bado.

Nilipomwambia hivyo akabadilisha wimbo: eti VR iko ndani ya kamera yenyewe. Hilo lipo kwa Pentax, lipo kwa Sony zile za zamani zenye kioo ndani. Kwa Nikon za kioo (DSLR, kama hii yangu) halipo hata kwenye moja. Nikamwambia. Akanibloku.

Kwa asiyeelewa kwa nini nalalamikia herufi mbili: kwenye kamera ya DX, milimita 300 zinakuonyesha kipande kidogo kama cha lenzi ya 450. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha nzima inayumba. Bila kituliza, shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) isishuke chini ya 1/500 ya sekunde hivi. Na kwa kuwa ukivuta hadi 300 lenzi hii haifunguki zaidi ya f/6.3, mchana wa jua utapeta, ila jioni, au mnyama akiwa kivulini, inabidi upandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha ijae punje. (Kusema haki, kituliza hakimsimamishi ndege anayeruka, hapo ni shata tu.) Lenzi isiyo na VR si takataka. Ningeuziwa kwa jina lake na bei yake nisingekuwa na neno.

Mchezo huu haufanyiki kwa Nikon peke yake. Tamron wana 70-300 yenye VC (jina lao la kituliza) na isiyo nayo. Kwa Canon, 75-300mm III haina IS (kituliza cha Canon), ilhali 55-250mm IS STM inayo na ni nyepesi kubeba, ila imetengenezwa kwa kamera za APS-C tu, zile zenye sensa ndogo. Sigma wao huandika OS, Sony OSS. Herufi zisipoonekana kwenye picha, dai picha nyingine.

Wenye D3000 na D5000 na ndugu zake wote, mna mtego wenu: ile AF 70-300mm G ya zamani. Itaingia kwenye kamera vizuri, itapiga picha, lakini haina mota ya fokasi na kamera zenu hazina pia, kwa hiyo fokasi utazungusha kwa mkono mpaka safari iishe. Na yale mabomba marefu ya 420-800mm f/8.3-16 yanayouzwa kwa majina chungu nzima, hayana fokasi ya kujiendesha wala kituliza. Mimi nisingebeba.

Nikirudi kwa huyu bwana: ningemwomba video ya sekunde thelathini nisingefika hapa. Lenzi iko kwenye kamera, inazungushwa jina lisomeke pamoja na namba, halafu anavuta hadi 300 na kubonyeza kitufe cha shata nusu. Ukichungulia kwenye kamera, kituliza kikifanya kazi picha iliyokuwa inachezacheza inatulia ghafla. Kisha amulike tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo hata akupunguzie nusu. Vumbi kidogo lisikutishe.

Hela yangu sijarudishiwa. Jana nimeona tangazo jipya kwa jina jingine la akaunti, safari hii ameandika "imetumika mara mbili tu". Kitambaa ni kilekile cha mistari ya bluu, na jina la lenzi limelala chini vilevile.