Semina ya maono ya sharika, Mtwara: ichukueni, ila daini kitu kimoja kabla ya kulipa

Wazee wengi wa kanisa wakisikia "semina ya maono", yaani ya kupanga sharika zielekee wapi, wanakata tamaa mapema. Wanajua watakaa ukumbini, wataandikiwa karatasi, na karatasi itafungiwa kabatini kwa mwinjilisti. Naandika kwa ajili yao, na kwa wahazini wenzangu, maana mwisho wa yote sisi ndio tunaoulizwa hela itoke wapi. Semina tuliyofanyiwa Mtwara mwezi Juni, Ijumaa hadi Jumapili mchana, ilistahili nauli yetu ya kutoka Newala. Ina kasoro moja kubwa, nayo nitaisema.

Sisi ni Walutheri, na huku Kusini hatuko wengi. Masasi Waanglikana walifika tangu 1876, Ndanda Wabenediktini wapo tangu 1906, na pwani majirani zetu wengi ni Waislamu. Sharika zetu ziko mbalimbali na hazifanani hata kidogo. Za mjini zimejaa walimu, manesi, askari na watu wa benki. Mshahara wanao kila mwisho wa mwezi, lakini uhamisho ukija, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anaondoka na mipango yote kichwani mwake. Sisi wa huku juu tupo palepale, tunaishi kwa korosho. Miaka mingi kila upande umekuwa ukimwona mwenzake mzembe.

Mwezeshaji hakuanza na projekta. Alianza na Matendo ya Mitume sura ya 15, pale wa Antiokia na wa Yerusalemu walipotofautiana juu ya tohara, akatuuliza: nani alisema, na nani alinyamaza akasikiliza? Kisha akatandaza karatasi ndefu sakafuni, miezi yote 12 imeandikwa kwa maka peni, akamwaga korosho ghafi za msimu uliopita. Kila usharika uweke korosho kwenye mwezi ambao waumini wake wana hela.

Wa mjini wakazigawa karibu sawasawa. Sisi wa Newala, Tandahimba na Masasi tukazilundika kuanzia Oktoba hadi Januari, minada inapokuwa imechangamka na malipo ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, yanaingia benki. Juni hatukuweka hata moja, kwa sababu Juni mkulima anahangaika na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Na mgawo wa jimbo, yaani fedha ambazo kila usharika unapaswa kupeleka jimboni, tulikuwa tunaugawa sawa kwa kila mwezi! Mzee mmoja wa mjini, mstaafu wa bandari, akainama akaitazama ile karatasi kwa muda, akasema, "Ndugu zangu, miaka yote nasoma ripoti za fedha nikidhani hamtaki kutoa." Kwangu mimi semina ilianza hapo.

Mchana wake kulikuwa na mvutano. Wajumbe wa mjini walitaka ukumbi mkubwa wa kukodisha, hoja yao ikiwa kwamba kazi ya gesi asilia huku Mtwara ikishamiri wageni watarudi. Mama mmoja wa mtaa (tawi dogo la usharika) wa jirani na kwetu akasimama: "Mchungaji, shikamoo. Ukumbi ni jambo jema. Lakini sisi paa la bati tunalo, mvua inapita juu yake inakwenda zake, na watoto wanashuka bondeni na ndoo." Anayeijua nyanda ya Makonde anaelewa, maji yako chini kabisa, sisi tuko juu. Nampongeza mwezeshaji kwa hili: hakumkatiza mama yule, wala hakumgeuzia maneno yake yawe ya kitaalamu. Aliyaandika ubaoni kama yalivyotoka.

Tulitoka na mambo mawili ambayo hata bibi yangu anaweza kuyasimulia. Kila mtaa uwe na mwinjilisti anayelipwa mwaka mzima bila kukatika, na kila paa la kanisa livune maji. Sharika za mjini zitatanguliza posho za wainjilisti kuanzia Februari, sisi tutafidia minada ikianza. Ukumbi umewekwa pembeni, haukutupwa.

Hosteli ilikuwa upande wa Shangani: vyumba safi, vyandarua vizima, asubuhi chai na ming'oko, vile viazi vya porini vya huku Kusini. Ukumbi ulikuwa na joto kali, na kipindi cha baada ya chakula kila siku kilipotea bure. Vijana walikuwa wachache mno, tena wamekaa nyuma kabisa. Hilo ni letu sisi tuliochagua wajumbe.

Sasa kasoro. Wiki chache baadaye tulipokea kitabu kinene chenye dira, dhamira, malengo mahususi na majedwali. Yale mambo mawili nimeyatafuta, nikayakuta ukurasa wa ndani kabisa, yamevalishwa lugha ya ofisini. Na hakuna aliyekuja mitaani kuyaeleza. Katika sura ileile tuliyosoma siku ya kwanza, barua ya Yerusalemu kwenda Antiokia haikutumwa peke yake. Yuda na Sila walitumwa nayo, waseme kwa midomo yao. Somo tulipewa, lakini waliotuletea semina wenyewe hawakulifuata.

Kwa hiyo, usharika au jimbo linalotaka kuchukua semina hii, lichukue. Ila mkataba useme wazi kwamba mwezeshaji, au mtu aliyefundishwa naye, atafika kila mtaa baada ya semina, na kwamba mtapewa pia karatasi moja ya kubandika ukutani. Sisi tumeshaandika barua kumwomba arudi Januari, wakati watu wana hela na nafasi, na safari hii aanzie mitaani.